Mkwe Hapewi Mgongo

9 Februari

Kwako Kipovu, mke mwenzangu, mjukuu uliyekwenda mbali kama umefukuzwa,

Hujambo? Mimi sijambo, magoti ndiyo yana maneno. Mama yako hajambo, bado anagombana na mwenye nyumba kuhusu bomba la jikoni, na mpaka sasa bomba ndilo linaloshinda. Paka amezaa ndani ya kikapu changu cha nyuzi. Nimemwachia. Mzazi hahamishwi.

Anayeandika ni Bi Lebo, jirani yangu, kama siku zote. Mimi nasema, yeye anaandika, kisha ananisomea, nami nakubali au nakataa. Simu siiwezi. Miaka thelathini na moja ya kelele za kiwanda cha sabuni imeniachia masikio ambayo kwenye simu husikia nyuki tu. Bi Lebo alikuwa chumba cha kufungia cha kiwanda hichohicho, akibandika lebo kwenye miche ya sabuni, ndiyo maana masikio yake mazima na mwandiko wake mzuri. Hata wakati ule ulikuwa mzuri. Kulikuwa na watu wakipita kuutazama.

Picha ya Mkwe nimeipata. Nimelia kidogo, usimwambie mtu. Sufuria lile la tani mbili nilianza kulipikia mama yako anatambaa, na jina la Mkwe nililitoa mimi, kwa sababu hukai naye ovyo. Mkwe unamheshimu, humpi mgongo. Kiwanda chetu kilipofungwa akaachwa ghalani anaota kutu miaka yote ile, nikajua basi, tunazeeka pamoja. Kumbe kiwanda chenu kimemnunua na wewe ndiye uliyemtetea. Hapo nakusifu.

Lakini ile picha ya pili, ya Mkwe mwingine ndani ya kioo, mwenye rangi nyekundu na bluu kama kavaa nguo ya sherehe! Unasema ni pacha wake. Unasema unashinda naye kutwa. Unasema anajua kila kitu. Katika kurasa tatu umemtaja mara kumi na moja, nimemwambia Bi Lebo ahesabu. Mimi umenitaja mara mbili, na moja ni kwenye bahasha.

Basi sawa. Nyumba sasa ina wake wenza watatu.

Bibi yako

*

2 Machi

Bibi kipenzi, shikamoo,

Shikamoo pia kwa Bi Lebo anayekusomea. Mimi mzima. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta, lakini ukuta wenyewe una mjusi, basi si mpweke. Mwambie mama bomba lile alifunge kwa mpira wa tairi mpaka fundi aje.

Bibi, usimwonee wivu yule wa kwenye kioo. Si mtu. Mkwe amevishwa vipimo vidogo kama vifungo, kila kimoja na waya wake. Kimoja kinasema joto, kingine uzito, kingine kinasema mwiko wa mota unazunguka kwa taabu gani. Habari zote zinaingia kwenye kompyuta, na humo yumo Mkwe wa kuchorwa, anayepata joto Mkwe akipata joto, na kupoa Mkwe akipoa. Ndiye tunayemwita pacha. Tukitaka kujaribu mafuta mapya au moto mkali zaidi, tunamjaribia pacha kwanza. Akiharibu, hakuna mche uliopotea wala mtu aliyeungua. Viwanda vingi sasa vinafanya hivi, na ubovu wa mashine unaonekana kabla haujatokea.

Shida ni kwamba Mkwe na pacha wake hawaelewani. Pacha anasema sabuni imeiva, tunafungua, na miche mingine inatoka safi, mingine inatoa jasho na kuwasha mikono. Sufuria moja, siku moja. Nimepima kila ninachojua kupima. Msimamizi wangu anasema pacha amejengwa kwa mchoro halisi wa mafundi waliomtengeneza Mkwe, basi pacha yuko sahihi, mkosaji ni Mkwe. Ikifika mwisho wa Juni hawajapatana, Mkwe atakatwa vipande auzwe chuma chakavu. Na mimi niliyesema anunuliwe, sijui nitabaki na uso gani hapa, au kama nitabaki.

Wewe ulimpikia miaka yote hiyo bila kipimo, na sabuni yako haikumwasha mtu. Ulikuwa ukifanyaje?

Mjukuu wako

*

20 Machi

Kwako Kipovu,

Marahaba. Bomba limefungwa mpira, sasa mama yako amehamia kugombania bafu. Paka wanne wazima, wa tano hakuwa na bahati.

Unaniuliza nilikuwa nikifanyaje. Si mnaye anayejua kila kitu? Muulize yeye.

Wewe nilikupandisha ngazi ya Mkwe ukiwa na miaka saba, nimekushika kiuno, ukachungulia ukasema, "Bibi, inachemka kama inacheka." Nikajua huyu ana jicho. Nilitaka nikuachie wewe, mkononi na puani, hivyo ndivyo kazi inavyorithiwa. Sasa unataka nikwambie ili ukamwambie yeye. Mimi nife, yeye abaki nayo. Hajanikanda magoti, hajanichotea maji, shikamoo yake sijaisikia. Mchumia juani hulia kivulini, haya, mimi nilichumia motoni kabisa. Kwa nini ale yule ambaye hata jasho hana?

Na kuna mambo ya Mkwe ambayo hayasemeki mbele za watu. Bi Lebo hapa ameinua kichwa, ananiuliza, "Watu gani?" Nimemwambia, "Andika, mama, andika."

Akikatwa akatwe. Chuma kikizeeka hukatwa.

Bibi yako

*

11 Aprili

Bibi, shikamoo. Niko salama. Natumai nanyi salama.

Umenionyesha wivu wako, ngoja nikuonyeshe wangu.

Nilikuwa na miaka sita. Mama alikuwa akirudi kazini nimeshalala, basi wewe ndiye niliyekuwa nikikusubiri. Ulikuwa ukiingia mlangoni unanuka Mkwe. Ukikaa mezani ni Mkwe leo kanuna, Mkwe leo katulia. Siku niliyong'oka jino la kwanza nililishika kiganjani tangu mchana mpaka mkono ukatoka jasho. Ukafika, ukasema, "Kesho, Kipovu, Mkwe kanichosha." Kesho hukuliuliza.

Wenzangu chuoni walisomea uhandisi kwa sababu zao. Mimi nilitaka kujua lile sufuria lina nini nisicho nacho mimi.

Sikuwahi kukwambia. Sasa nimekwambia. Kama hutaki kunisaidia, sawa, lakini usiseme ni kwa ajili ya pacha.

Mjukuu wako

*

19 Mei

Kwako Kipovu, roho yangu,

Barua yako imekaa chini ya mto wangu mwezi mzima. Bi Lebo aliposoma mahali pa jino nilimwambia aache, akachemsha chai akaenda zake. Amekuja kila siku kuuliza kama tunajibu. Kila siku nimemwambia kesho. Naona kesho ni ugonjwa wangu wa zamani.

Jino lile ninalo. Ulilitupia kwenye kopo la vifungo kwa hasira, nami nikalitoa nikalifunga kwenye kitambaa. Nilijua kuliweka, kuliuliza sikujua. Nisamehe. Nilikuwa mjinga wa kusema, si mjinga wa kupenda.

Haya, sikiliza. Mkwe ana bomba la kutolea sabuni. Simama upande wa bomba, siyo upande wa ngazi. Ukidhani imeiva, chota pale chini karibu na bomba, ipoe, gusa kwa ncha ya ulimi. Ulimi ukishtuka kama umegusa betri, magadi bado hayajamaliza kula mafuta. Punguza moto, koroga kwa mkono upande huohuo, uonje tena. Usiamini upande wa ngazi hata ukikuapia. Nilifanya hivyo kila siku ya kazi.

Ni kwa nini, usiniulize.

Mama yako anakusalimu. Bafu limemshinda.

Bibi yako

*

3 Juni

Bibi yangu, shikamoo,

Nimeisoma barua yako mara nne, na mahali pa jino sijui mara ngapi. Yameisha, Bibi. Lihifadhi mpaka nije.

Nilifanya ulivyosema. Pacha alisema tayari, upande wa ngazi ulimi ukakubali, upande wa bomba nikarushwa. Msimamizi akacheka, akasema wahandisi siku hizi wanalamba mashine. Nikamwambia alambe naye. Akalamba. Alinywa maji glasi mbili, na tangu hapo hacheki. Tulikoroga kwa mkono dakika arobaini na tano zaidi, na miche yote ikatoka safi, hakuna hata mmoja ulioloa jasho.

Lakini anasema ulimi si kipimo. Wewe ukiondoka, anasema, nani atalamba? Pacha hana ulimi. Anataka sababu ya kuandika kwenye kioo. Kwa nini upande wa bomba unachelewa, wakati mchoro unaonyesha chuma ni kilekile kuzunguka sufuria zima? Nikipata sababu, Mkwe anapona. Nisipoipata, tarehe thelathini mafundi wanakuja na mashine ya kukatia.

Unaijua, Bibi. Najua unaijua. Kama ni siri, Bi Lebo ni kama dada yako, miaka yote anakutunzia maneno. Mwambie aandike tu.

Kipovu

*

12 Juni

Kwako Kipovu,

Marahaba. Wote wazima. Salamu zinatosha, maana nikizirefusha nitatoroka.

Nimemwambia Bi Lebo, "Leo utaandika kila neno, hata likikuchoma." Kaniuliza, "Kwani mimi nina kosa gani?" Nimemwambia, "Andika, utajua."

Ilikuwa mwaka ule mama yako alipoanza kutembea. Babu yako alikuwa fundi wa kuchomelea palepale kiwandani, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba alianza safari za chumba cha kufungia. Asubuhi safari, mchana safari. Nikimuuliza, anasema amefuata gundi. Fundi wa kuchoma chuma na gundi, wapi na wapi? Mimi mdomo nikafunga, macho nikafungua.

Jumamosi moja, nusu siku, wengi wameshaondoka, nikamwona anapita na fulana safi. Fulana safi siku ya kazi. Nikauacha mwiko. Nikamwacha Mkwe juu ya moto na sabuni ndani, nikaenda nikasimama nyuma ya maboksi. Babu yako amekaa kwenye boksi. Bi Lebo amesimama, kalamu sikioni, wanacheka. Basi. Wanacheka tu. Nikabaki pale nikingoja kitu kingine kitokee ili niwe na haki. Hakikutokea, nami sikuondoka, nikangoja bado. Niliporudi, pua ilijua kabla ya macho.

Kitako cha Mkwe upande wa bomba kilikuwa kimeungua, kimefura, na kimepasuka ufa mrefu kama kiganja. Sabuni ikimwagikia motoni. Nilikuwa nimempa mgongo Mkwe.

Nilimwita babu yako. Alitazama ufa, akanitazama mimi, akazima moto. Jumapili akaomba ufunguo kwa mlinzi, akalala chini ya sufuria kutwa, akaweka kiraka, chuma juu ya chuma. Akakisaga mpaka kikalala sawa, akapaka rangi nyeusi kitako kizima. Lile kovu la mkononi mwake ulilokuwa ukiliuliza tukakwambia ni la birika, si la birika. Jumatatu nikapika kama kawaida. Hakuna aliyejua. Na yeye hakuniuliza hata siku moja nilikuwa nimekwenda wapi. Nilingoja aulize miaka yote, akaingia kaburini hajauliza.

Chuma juu ya chuma, katikati kuna hewa, joto linapita kwa kuvuta miguu. Ndiyo maana upande ule unachelewa. Ndiyo maana nilisimama pale na kulamba pale. Watu walidhani ni mapenzi ya kazi. Na zile jioni nilizorudi nimechoka nikakosa kukuuliza jino, nilikuwa nimetoka kulinda kosa langu lisionekane.

Pacha wenu mmemchora Mkwe siku aliyozaliwa. Hamkumchora alivyoishi na mimi. Mchoreni kiraka.

Bi Lebo ameandika haya yote hajainua macho. Sasa ameinua. Namwambia afunge.

Bibi yako

Hili ni langu mimi niliyeshika kalamu, na sijamsomea. Babu yako alifuata gundi kweli. Alikuwa akibandika soli za viatu vya mama yako, na gundi ya lebo haikushika hata wiki, ndiyo maana hakwisha kurudi. Habari ya fulana safi mimi siijui. Ila ninayoyajua ni haya. Babu yako hakuwa na neno nami, mimi nilikuwa na neno naye. Nilimtaka, nikajipamba kwa ajili yake, na alijua akajifanya hajui. Bibi yako alikuwa na haki ya kunionea wivu mimi, ila kumshuku babu yako hakuwa na haki. Nimemwandikia barua zake zaidi ya miaka arobaini bila kumwomba kitu, na sasa unajua kwa nini. Umwambie au usimwambie, ni juu yako.

*

4 Julai

Bibi yangu, shikamoo,

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikutaka kuandika kabla sijaona.

Tulimzima Mkwe, tukamwinua, tukakwangua kitako. Rangi ilikuwa tabaka tatu. Chini yake kiraka kikatokea, kimesagwa laini mpaka ukipitisha kidole unajiuliza kinaanzia wapi. Mafundi wa hapa walisimama wakakipapasa. Mmoja akauliza, "Nani huyu?" Nikasema, "Babu yangu." Nilijisikia mrefu siku ile, Bibi.

Tulikipima, nikakichora kwenye pacha, unene wake na ile hewa ya katikati. Nikawasha moto wa kwenye kioo. Sufuria lote likawa jekundu, upande wa bomba ukabaki bluu, kisha polepole nao ukafuata, na ulikuja kuiva dakika arobaini na tano baada ya wenzake. Hakuna aliyemwambia dakika hizo, alizitoa mwenyewe. Msimamizi akasema, "Sasa wanafanana." Kipimo cha joto tumekihamishia upande wa bomba. Mafundi wa kukata walikuja tarehe thelathini wakanywa chai wakarudi.

Wamesema kiraka kiondolewe, kiwekwe chuma kipya. Nimekataa. Nimewaambia pacha ameshakijua, akibadilishiwa ataanza kujifunza upya. Ni kweli, lakini siyo sababu yangu.

Pale kwenye pacha, kila sehemu inaandikwa jina. Kiraka nimekiandika "Fulana Safi". Hawajui maana yake, na wanalitumia kutwa. Pacha amesema nikusalimu. Shikamoo yake hiyo.

Kuhusu ulichokiona nyuma ya maboksi, Bibi, sina la kukuhukumu. Salamu zangu kwa Bi Lebo. Mwambie nimepata yake, na iko salama kwangu.

Mjukuu wako

*

17 Julai

Kwako Kipovu, mke mwenzangu,

Marahaba yako, na ya pacha pia, shikamoo yake nimeipokea shingo upande lakini nimeipokea. Kama amebeba kiraka cha mume wangu, basi ameshaingia ukoo, tutafanyaje. Mwambie wa mwisho kuolewa ndiye anayeosha vyombo. Mama yako hajambo, amekusudia kuhama nyumba, bafu limeshinda. Paka wote wanne wamepata watu.

Umefanya vizuri kukataa kiraka kisiondolewe. Hilo jina ulilokipa nilitaka kukugombeza, nikashindwa, nikacheka mpaka magoti yakacheka.

Sasa neno moja, kisha nikuache ukalambe mashine.

Bi Lebo alinisomea barua yako vizuri mpaka kwenye salamu zake. Hapo sauti ilipungua. Kipovu, mimi sijui kusoma, lakini nimeishi na sauti za mashine, najua kitu kinapobadilisha mzunguko. Na siku ile nilipomaliza kusema nikafunga mdomo wangu, kalamu yake ilitembea bado. Ilitembea muda wa kuchemsha chai. Nilikuwa nimekaa hapohapo, nikiitazama, na safari hii sikujificha nyuma ya boksi lolote.

Sikumuuliza aliandika nini. Nilimuuliza jambo moja tu. Nikasema, "Ile gundi ilikuwa kweli?" Akasema, "Kweli." "Ya nini?" "Viatu vya mtoto." Nikavikumbuka vile viatu. Vilikuwa vikifunguka midomo kila wiki kama vina njaa, na mimi nikamwambia babu yako hana mikono.

Yaliyobaki usiniambie. Hata nikikuuliza nikiwa mgonjwa, usiniambie. Huyu mwanamke nimemwonea wivu miaka arobaini na zaidi. Nikiambiwa leo sikuwa na sababu, nitakuwa nimemchoma Mkwe bure. Nikiambiwa nilikuwa nayo, nani ataniandikia barua?

Kalamu imesimama. Ananitazama.

Andika, mama, andika.

Haya, imeanza tena. Njoo Desemba, uchukue jino lako.

Bibi yako